Mpangaji Akikaa Ndipo Unapokula: Kusimamia Nyumba za Watu Dar es Salaam

Wengi wanaoniuliza kuhusu kazi hii ya kusimamia nyumba za kupanga kwa niaba ya wenye nyumba huanza na swali la udalali: "Dada, nikipangisha nyumba moja kama dalali napata kodi ya mwezi mzima, sasa asilimia kumi ya kodi kwa kusimamia ni ya nini?" Nawajibu kwamba hizo ni kazi mbili, na zinavutana. Dalali anakula mtu akihama. Msimamizi anakula mtu akikaa. Ukitaka kuishi kwa kusimamia nyumba za watu, amua mapema uko upande gani, maana kila utakachofanya baadaye, kuanzia koki inayovuja mpaka kupandisha kodi, kinatoka hapo.

Nyumba ninazosimamia ziko Tabata, Segerea na Kinyerezi. Nyingi zinafanana: kiwanja kimoja, fensi, geti moja, wapangaji sita au wanane, kila mmoja ana chumba, sebule, jiko dogo na choo cha ndani. Wenye nyumba ni wastaafu, watumishi waliohamishiwa mikoani, familia zilizorithi, na wachache wako nje, hasa Oman. Ninayoandika hapa yanahusu nyumba za namna hiyo.

Hesabu kabla ya kitu kingine

Chukua kiwanja cha wapangaji sita, kila mmoja analipa 200,000 kwa mwezi. Hiyo ni 1,200,000. Asilimia 10 yako ni 120,000. Kwa nyumba moja hujapata kitu. Ukiwa na viwanja kumi vya namna hiyo unaingiza 1,200,000 kwa mwezi. Toa msaidizi 300,000, bodaboda na nauli 150,000, vocha na bando 50,000, kuchapa mikataba na vitabu vya risiti 40,000. Unabaki na 660,000 kabla ya leseni na kodi ya serikali.

Sasa angalia ile bodaboda. Hiyo 150,000 inatosha kwa sababu viwanja vyote viko njia moja, natoka Tabata Bima mpaka Kinyerezi, napita kote asubuhi moja. Viwanja kumi hivyo hivyo vikiwa Mbagala, Goba, Kigamboni na Mbezi, nauli inakula faida na siku nzima inaishia kwenye foleni. Kwa hiyo unapotafuta wateja, tafuta mtaa kwanza. Mwenye nyumba wa pili awe jirani wa wa kwanza. Mimi wateja wangu wengi wamenipata kwa kuona ukuta wa jirani umepakwa rangi na geti halina kutu, wakauliza nani anashughulikia.

Kamisheni chukua kwenye kodi iliyokusanywa, usichukue kwenye kodi inayotarajiwa. Wenye nyumba wanaliamini hilo haraka, kwa sababu chumba kikikaa kitupu nawe umeumia. Kwa viwanja vidogo weka kiwango cha chini. Mimi sishuki 100,000 kwa mwezi hata kama wapangaji ni watatu, kwa sababu geti ni lile lile na safari ni ile ile. Kwenye matengenezo madogo siongezi kitu juu ya bei ya fundi. Kazi ikizidi 500,000, kama kubadili bati au kujenga shimo jipya la choo, nachukua asilimia 10 ya usimamizi, na imeandikwa kwenye mkataba wetu. Ukianza kuongeza elfu tano juu ya kila koki, mwenye nyumba atakuja kujua. Fundi mwenyewe ndiye atakayemwambia.

Kuna mtego mmoja unaoua wasimamizi wengi wapya. Hapa kwetu mpangaji analipa miezi sita kwa mkupuo. Kiwanja kile cha 1,200,000 kinaleta 7,200,000 kwa wakati mmoja, na kamisheni yako ni 720,000 mkononi. Ukiila yote mwezi wa kwanza, miezi mitano inayofuata unafanya kazi bure huku umechoka na huna nauli. Igawe kwa sita, ujilipe kila mwezi. Na mwenye nyumba naye ni hivyo hivyo: akishapokea zote amejenga, amelipa ada, amemaliza. Mwezi wa nne pampu ya maji ikiungua hana hata mia. Ndiyo maana kwenye mkataba wangu nabakiza asilimia 5 ya kila kodi kama akiba ya matengenezo. Kwa kiwanja hicho ni 360,000 kwa miezi sita, na imeokoa urafiki wangu na wenye nyumba wengi kuliko maneno yoyote.

Panga pia mikataba isiishe mwezi mmoja. Wapangaji wawili waishe Januari, wawili Machi, wawili Mei. Fedha inaingia kidogo kidogo, na wakihama hawahami wote pamoja.

Karatasi zako na makubaliano na mwenye nyumba

Sajili jina la biashara BRELA, chukua TIN TRA, kata leseni halmashauri. Wengi wanafanya kazi hii bila hivyo, lakini siku kampuni itakapotaka kupanga nyumba kwa ajili ya mfanyakazi wake, itadai risiti na itakata kodi ya zuio, yaani kodi ya serikali inayokatwa kabla hujalipwa, ya asilimia 10 kwenye pango. Usipojua hilo utamwambia mwenye nyumba kiasi kimoja, benki iingie kingine. Mikataba nayo ina ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka. Na amri ya serikali ya Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya uwakala na udalali wa nyumba, kwa hiyo mtu wa nje akikuomba umkopeshe jina lako la biashara, kataa.

Fedha ya kodi si yako. Fungua akaunti ya pili, iwe ya kodi za wateja tu, na isiwe na kadi kwenye pochi yako. Kila mwezi mtumie mwenye nyumba taarifa fupi: nani amelipa, mpaka tarehe ngapi, kilichotoka ni nini na risiti yake, akiba imebaki kiasi gani. Mmoja wa wateja wangu yuko Muscat. Hajawahi kunipigia kuuliza fedha yake iko wapi, kwa sababu kila tarehe tano anapata ukurasa mmoja WhatsApp na picha za risiti. Mtu aliye mbali akikaa wiki mbili bila taarifa yako, ndugu zake wanaanza kumjaza maneno. Mteja huyo wa Muscat alinipa hati ya uwakilishi, karatasi ya kuniruhusu kusimama badala yake, iliyopita ubalozi wetu kule, na hapa ikapitiwa na wakili. Bila hati ya namna hiyo huwezi kusimama mbele ya Baraza la Ardhi kudai nyumba ya mtu.

Makubaliano yenu yaseme kiasi unachoruhusiwa kutumia bila kumpigia. Mimi naomba 50,000. Koki, taa, kitasa, flashi ya choo, yote hayo yamo humo. Ukilazimika kumwomba ruhusa mtu aliye kazini Mwanza kwa ajili ya kitasa cha 18,000, mpangaji atalala mlango wazi siku tatu, na siku ya nne anaanza kuulizia nyumba nyingine.

Nyumba ya urithi

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye machozi. Mzee amefariki, ameacha kiwanja chenye wapangaji wanane na watoto sita. Anakuja mtoto mkubwa: "Dada, sisi tumekubaliana, kodi uwe unanipa mimi." Usipokee kazi hiyo kwa neno la mdomo. Omba barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. Kama hawajafungua mirathi, waambie wakafungue kwanza, Mahakama ya Mwanzo ipo karibu. Kama wamefungua, fedha unampa msimamizi huyo peke yake, na taarifa ya kila mwezi unaiweka kwenye kundi la WhatsApp ambalo warithi wote wamo.

Hilo la kundi ni muhimu kuliko linavyoonekana. Watapiga simu mmoja mmoja. Dada mdogo atasema mtoto anaumwa, umtolee fungu lake. Kaka atakuja na mpangaji wake, rafiki yake, anayetaka kukaa bila kulipa. Wote wasalimie vizuri, uwape pole, na wote uwape jibu moja: "Ongea na msimamizi wa mirathi, aniandikie." Ukimtolea mmoja, hata kwa huruma ya kweli, kesho unaitwa kama shahidi kwenye ugomvi wa damu. Na mama mjane kama bado anaishi kwenye nyumba hiyo, hakikisha mapema imeandikwa chumba chake ni kipi na umeme wake analipa nani. Nimeona wajane wakidaiwa luku na watoto wao wenyewe, na inauma.

Siku ya kukabidhiwa kiwanja

Nenda asubuhi, na mwenye nyumba au mtu wake awepo. Fungua koki zote kwa pamoja, bafuni, jikoni na nje, uone presha inavyoshuka. Vuta flashi za vyoo vyote moja baada ya nyingine, halafu kasimame kwenye chemba za nje uangalie maji yanavyopita. Kama yanasimama, shimo limejaa au bomba limeziba, na ni heri ulijue leo. Panda uangalie simtanki, lina mfuniko au halina. Piga picha za kila ukuta, kila dirisha, kila soketi. Andika namba ya kila mita ya luku na ya mita ya maji ya DAWASA.

Halafu nunua umeme wa elfu tano kwenye kila mita, hapo hapo, usome ujumbe wote unaokuja pamoja na namba za kuingiza. Utaona kama kuna deni linalokatwa, na utaiona kodi ya majengo. Tangu 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye luku, na kuanzia Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Kama mpangaji ndiye anayekatwa, mrudishie kwenye kodi yake ya pango, uiandike kwenye risiti. Elfu na mia tano ni fedha ndogo, ila mpangaji akiona umeikumbuka bila yeye kusema, anajua yuko na mtu wa haki. Kiwanja kikiwa na mita sita na zote zinakatwa ilhali jengo ni moja, omba kumbukumbu za jengo zirekebishwe, ukitaja namba za mita zote.

Umeme ndio chanzo kikuu cha ugomvi kwenye nyumba zetu. Mteja mdogo wa nyumbani, anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, yuko kwenye kundi la bei ya chini, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Kundi la kawaida ni shilingi 292. Familia sita zikichangia mita moja haziwezi kubaki chini ya uniti 75, kwa hiyo zote zinanunua kwa bei ya juu, na juu ya hapo zinagombana nani ana friji na nani anapiga pasi kila asubuhi. Mshawishi mwenye nyumba kila mpangaji awe na mita yake. Mwonyeshe kwa hesabu: nyumba yenye luku yake inapangishika haraka, na mpangaji haondoki kwa sababu ya jirani. Kama hana uwezo sasa, weka mita ndogo za ndani kwa kila mlango na uzisome mwenyewe kila mwisho wa mwezi, mbele ya wapangaji wawili.

Kumpata mpangaji anayekaa

Madalali usiwachukie. Wanaujua mji, na wana wateja kabla hujatundika kibao. Waache wachukue kodi yao ya mwezi mmoja kwa mpangaji kama ilivyo desturi, lakini anayeamua nani anaingia ni wewe. Mimi nina madalali wachache wa mtaa ninaofanya nao kazi, na wanajua sharti langu: dalali akimtorosha mpangaji wangu kumpeleka kwingine kabla mkataba haujaisha, hapati tena ufunguo wa nyumba zangu.

Kabla ya kumkubali mtu, ongea naye kwa utulivu. Anafanya kazi wapi, anafikaje kazini, watoto wanasoma wapi, anahama anakotoka kwa nini. Mtu ambaye kazi yake iko Kariakoo na shule ya watoto iko Segerea atakaa. Mtu anayesema "nataka tu nihame haraka" piga simu kwa mwenye nyumba wake wa sasa. Chukua nakala ya kitambulisho cha NIDA, picha, namba ya mdhamini, na mpeleke aandikishwe kwa mjumbe na serikali ya mtaa. Nakala hizo zifungie kabatini. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 inakuhusu na wewe, na kitambulisho cha mtu hakipaswi kuzagaa kwenye simu ya dalali.

Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za pango ilifutwa 2005, kwa hiyo mkataba wenu ndio kila kitu. Uandike kwa Kiswahili chepesi na kwa shilingi, kanuni za 2025 zimekataza kutaja bei kwa fedha za kigeni. Useme muda, kiasi, taarifa ya kuhama miezi mingapi kabla, nani analipa maji, taka, mlinzi na gari la kunyonya choo, na nyumba irudishwe katika hali gani. Msomee mpangaji kwa sauti kabla hajasaini. Kwa mtu mwenye biashara ndogo, kama mama anayeuza vitumbua au kijana wa bodaboda, mimi humwombea kwa mwenye nyumba alipe miezi mitatu mitatu. Miezi sita inamfanya akope, na aliyekopa ili aingie hawezi kulipa awamu ya pili.

Matengenezo

Maji, umeme, kitasa na choo: siku hiyo hiyo. Bati linalovuja: wiki hiyo, na wakati wa masika siku hiyo hiyo. Rangi inaweza kusubiri. Uwe na mafundi wawili kwa kila kazi, kwa sababu wa kwanza atakuwa Bagamoyo siku unayomhitaji. Mvua za Machi mpaka Mei zinajaza mashimo ya vyoo, na magari ya maji taka yanapanda bei na hayapatikani. Nyonya Februari.

Kodi ikichelewa, na kodi ikipanda

Mkumbushe mpangaji siku 45 kabla mkataba haujaisha, si siku ya mwisho. Mara nyingi utasikia: "Shikamoo dada, mwezi huu hali ngumu kweli." Muulize ngumu kiasi gani, na lini itakaa sawa. Mtu mwenye historia nzuri mgawie: nusu tarehe tano, nusu tarehe ishirini, mwandikishane, kila mmoja abaki na nakala. Asiyepokea simu na asiyeonekana, mpe notisi ya maandishi kupitia serikali ya mtaa. Ikishindikana, kuna Baraza la Kata kwa usuluhishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usithubutu kung'oa mlango, kuezua bati wala kutoa vyombo vya mtu nje. Wenye nyumba watakuagiza ufanye hivyo, kwa hasira. Kataa, uwaeleze kwamba kesi itakuja kwa jina lao, na kwamba mle ndani kuna watoto.

Kupandisha kodi ndiko kunakopima kama mwenye nyumba anakuelewa. Atasema jirani kapandisha, nasi tutoke 200,000 twende 230,000. Kaa naye, andika kwenye karatasi. Elfu 30 kwa miezi kumi na miwili ni 360,000. Mpangaji akihama na chumba kikakaa kitupu miezi miwili, umepoteza 400,000, bado rangi, bado kitasa kipya. Kwa mpangaji anayelipa kwa wakati mimi napendekeza kupanda kwa elfu kumi, apewe taarifa miezi mitatu kabla, na wakati huo huo arekebishiwe kitu anachokiona: wavu wa dirisha, taa ya nje, sinki. Anayetaka kwenda bei ya mtaa, aende nayo chumba kikiwa wazi, kwa mpangaji mpya.

Ukishafika viwanja kumi

Msaidizi wa kwanza mtafute anayekaa mtaa huo huo, na kazi yake iwe kuzunguka, kusoma mita na kusimamia mafundi. Fedha asiguse, wapangaji walipe kwenye akaunti moja kwa moja, naye akusanye taarifa tu. Mlipe kwa tarehe, hata mwezi ambao kodi hazijaingia, kwa sababu yeye ndiye atakayeambiwa na mpangaji kwamba anafikiria kuhama, wiki kadhaa kabla hujaambiwa wewe.

Viwanja kumi na viwili hivi vinaweza kubebwa na watu wawili kama viko pamoja. Simu za mbali zitakuja, kwa sababu sifa inatembea. Akikupigia mtu wa Bunju, mtafutie msimamizi anayekaa Bunju, mkubaliane kwamba naye akipigiwa na mwenye nyumba wa Segerea, akuletee wewe.